Re: Wakala wa AI ameomba ruhusa, nitajuaje ombi limefikia wapi?

Mkuu, kwa ulivyoeleza (wakala wako kaomba ruhusa ya kusoma kalenda, umeshakubali kwenye simu, ila yeye bado "anasubiri"), ombi lenyewe halina shida. Shida ni jinsi anavyoulizia.

Unatumia OAuth (utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila kuipa nenosiri) kwa njia ya msimbo wa kifaa, ile ya kuandika herufi chache kwenye ukurasa mwingine. Utaratibu wake uko kwenye RFC 8628, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2019. Seva ikitoa msimbo hutaja pia "interval", yaani sekunde za kungoja kati ya swali na swali. Isipotaja, ni 5. Logi yako (kumbukumbu za programu) inaonyesha wakala anabisha hodi kila sekunde 1 na anajibiwa "slow_down". Hapo haambiwi kwamba amekataliwa. Anaambiwa aongeze sekunde 5 kwenye muda wa kungoja, na abaki hivyo kwa maswali yote yanayofuata. Wako anapuuza, anarudi kwenye 1 kama mtoto anayedai andazi.

Majibu mengine ya seva: "authorization_pending" maana yake mwenye akaunti hajajibu, aendelee kuuliza. "access_denied", umemkatalia, aache. "expired_token", yaani msimbo umeisha muda, ndiyo ya kuangalia sana: wengi humruhusu wakala aombe msimbo mpya papo hapo, ukiamka asubuhi unakuta kaomba usiku kucha. Mwekee asubiri hadi mtu aanzishe mwenyewe.

Halafu hiyo "device_code" (msimbo wa siri anaoulizia nao wakala) uliyoibandika na logi, ifute sasa hivi.