Kwa nini miguu ya chopa hutanuka inapotua, na kwa nini nyingine hazina matairi

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu kuhusu chopa iliyotua uwanja wa shule kwenu Manyoni. Kwa nini haikuwa na matairi. Kwa nini miguu yake ilitanuka ilipogusa ardhi mpaka wazee wakasema inavunjika. Na kwa nini rubani alikaa pale chini mapanga yakiwa yanazunguka kwa nguvu, asizime mara moja. Nimefanya ufundi wa helikopta kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya safari zangu ilikuwa huku huku kanda ya kati: Dodoma, Kondoa, Singida, hadi vijiji vya Bahi. Naanza na la kutanuka, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yanakuwa mepesi.

Miguu ile tunaiita skidi. Macho yanaona mabomba mawili marefu yaliyolala chini, moja kila upande, lakini hayo si yanayofanya kazi kubwa. Kazi kubwa inafanywa na mabomba mengine mawili yaliyopinda, yanayokatiza chini ya tumbo la chopa, moja mbele na jingine nyuma, kisha yanashuka kuungana na skidi kushoto na kulia. Kwenye mashine nyingi hutengenezwa kwa aloi ya alumini yenye nguvu sana, ile ya namba 7075. Ndani hakuna springi wala shokapu. Bomba lenyewe ndilo springi. Uzito ukishuka, katikati yake hubonyea, ncha zake huenda nje, na skidi hutanuka. Uzito ukipungua, bomba hurudi mahali pake kama upinde uliolegezwa. Kwa hiyo walichokiona wazee ni mashine ikifanya kile ilichoundwa kufanya. Mimi ningeshtuka kama miguu isingetanuka hata kidogo, kwa sababu hapo kishindo chote kingepanda juu kwenye bodi, kwenye gia kubwa ya rota (mapanga ya juu pamoja na kitovu chake) na kwenye uti wa mgongo wa waliokaa ndani.

Kutanuka huko kuna kiwango, na kiwango kinapimwa kabla chopa haijaruhusiwa kuuzwa. Kanuni za Marekani kwa helikopta ndogo, zile zisizozidi kilo 3,175, zinataka miguu ijaribiwe kwa kuangushwa kutoka inchi 13, karibu sentimita 33. Kimo hicho kinaifanya iguse chini kwa kasi ya takriban mita 2.5 kwa sekunde. Kuna ruhusa ya kutumia kimo kidogo zaidi, lakini kisipungue inchi 8, endapo mtengenezaji ataonyesha kwamba mashine yake haigusi chini kwa kasi zaidi ya inayotokana na kimo hicho kidogo, hata injini ikiwa imezimika. Halafu linafuata jaribio la akiba, ambapo kimo huwa mara moja na nusu ya kile cha kwanza. Hapo miguu inaruhusiwa kupinda na kubaki imepinda, ila hairuhusiwi kuporomoka hadi tumbo lipige chini.

Huko kupinda na kubaki hivyo ndiko watu wengi hawakujui. Bomba likizidiwa, linapinda na kubaki limepinda, na katika kupinda kwake linameza nguvu ambayo ingewaumiza abiria. Robinson R44, chopa ndogo ya viti vinne, imeundwa hivyo waziwazi: ikitua kwa kishindo kikubwa mno, bomba la kukatiza linapinda na miguu inafunguka kwenda juu na nje. Mashine inakaa chini imejikunja, watu wanatoka wazima. Bomba la namna hiyo halinyooshwi kwa nyundo wala kwa moto. Linatolewa, linawekwa jipya. Ndiyo maana baada ya kutua vibaya, au muda wa ukaguzi unapofika, fundi anapima upana kati ya skidi na skidi na kulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Ikizidi kiwango, chopa haipai. Na ukaguzi hauishii miguuni: tunaangalia mahali mabomba yanaposhikana na bodi, vishikio vya gia kubwa, na bolti za mkia. Nimeshawahi kushinikizwa na mwenye mashine kwamba "inaonekana sawa tu, turuke, wageni wanasubiri." Sikukubali, na sitamshauri kijana yeyote wa ufundi akubali. Jicho haliwezi kuona sentimita mbili zilizozidi, futi ya kupimia inaziona.

Kuna hatari nyingine inayohusu miguu, na kwangu ndiyo ya kuogopwa kuliko kishindo. Inaitwa resonansi ya ardhini. Chopa zenye mapanga matatu au zaidi mara nyingi huyaruhusu mapanga kucheza kidogo mbele na nyuma yanapozunguka. Mashine ikigusa chini kwa pembe moja, mshtuko unaweza kuyasogeza yasiachane sawasawa. Kwa chopa ya mapanga matatu, badala ya nyuzi 120 kati ya panga na panga, moja linamkaribia mwenzake. Kitovu cha uzito cha rota kinahama, rota inaanza kuvuta bodi huku na huku. Kama mdundo huo unalingana na mdundo wa asili wa bodi ikiyumba juu ya miguu yake, kila mzunguko unaongeza nguvu ya uliotangulia, na ndani ya sekunde chache mashine inaweza kujivunja ikiwa pale pale chini. Rubani akiwa bado na mizunguko ya kutosha ya rota anainua chopa hewani, maana ikiachana na ardhi mtikisiko hukata. Kama mizunguko imeshapungua, anashusha nguvu zote na kuzima.

Miguu ina sehemu yake katika kuzuia jambo hilo. Tazama AS350, chopa nyepesi ambayo ni ya kawaida Afrika Mashariki na ina mapanga matatu. Nyuma ya skidi zake kuna vipande vya chuma bapa vinavyonesa, na bomba la mbele limefungwa shokapu za haidroliki. Watu hudhani vyuma vile vya nyuma ni vipande vilivyosahaulika. Vipo kubadilisha mdundo wa mashine chini na kuumeza usikue. Shokapu ikivuja mafuta, haisubiri safari ijayo.

Sasa kuhusu matairi. Skidi ni nyepesi, rahisi na haina mengi ya kuharibika. Huku kwetu hilo lina uzito wa pekee, maana Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba au Novemba joto linafanya hewa iwe nyepesi zaidi. Mapanga yanapata hewa kidogo ya kukamata, kwa hiyo kila kilo uliyoipunguza miguuni ni kilo ya mafuta au ya mgonjwa. AS350 B3 ndiyo iliyotua juu ya kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005, na ilitua kwa skidi.

Matairi huja mashine ikiwa kubwa, ingawa si sheria: Bell 412 inafikia zaidi ya tani 5 na bado ni ya skidi. Mi-17, inayofika tani 13, ina matairi yasiyokunjwa, mawili mbele pamoja na moja kila upande nyuma. AW139 huyakunja ndani ili upepo usiikamate. Kila mguu wa tairi una shokapu ya mafuta na nitrojeni: chopa ikigusa chini pistoni inapanda, nitrojeni inabanwa na kubeba uzito, na mafuta yanalazimishwa kupita kwenye tundu dogo ili nguvu ya kishindo igeuke joto badala ya kurusha mashine juu tena. Inatumika nitrojeni badala ya hewa kwa sababu ni kavu na haisaidii moto pale inapokutana na mafuta. Faida kubwa ya matairi ni kutembea uwanjani kwa kujiviringisha. Ya skidi lazima inyanyuke ndipo isogee, na ikizimwa tunaifungia vigurudumu vidogo na kuisukuma kwa mikono.

Kwenye uwanja wa shule hakuna lami ya kutembelea, na kwenye udongo laini tairi jembamba linazama. Skidi hutandaza uzito. Kwa mbuga zetu za udongo mweusi, masika hata skidi huzama, ndiyo maana nyingine hufungwa sahani pana kwa nyuma.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo. Rubani hakuzima kwa sababu alikuwa anaupima uwanja. Skidi ikigusa, mapanga bado yamebeba sehemu ya uzito. Anashusha wenzo wa mkono wa kushoto kidogo kidogo na kusikiliza: je, upande mmoja unazama? Pana mteremko? Pana kisiki? Ardhi ikikubali anaachia uzito wote. Ikikataa, ananyanyuka. Upande mmoja ukinasa kwenye tope au mzizi wakati anapaa, chopa huanza kuzunguka juu ya skidi iliyonasa. Ikishalala nyuzi 5 hadi 8 hivi, na kasi ya kulala ni kubwa, usukani hauwezi tena kuirudisha. Dawa ni kushusha nguvu taratibu mapema kabla ya kufika hapo, si kuongeza.

Kiangazi hatari hiyo hiyo huja kwa njia ya vumbi. Kuanzia Julai upepo ukiwa mkali, chopa ikikaribia chini wingu linaifunika, rubani anapoteza alama zote na anaweza kuteleza ubavuni bila kujua. Skidi ikigusa huku inakwenda ubavuni, jiwe dogo linatosha kuipindua.

Kwa hiyo kama mtaambiwa tena muandae uwanja huko Manyoni, mwageni maji kwa boza asubuhi hiyo hiyo, si jana yake, na yasizidi mpaka iwe tope. Ondoeni mawe na ng'oeni visiki, hasa vilivyofichwa na nyasi katikati ya uwanja, kwa sababu kati ya skidi mbili tumbo la chopa liko karibu na ardhi kuliko mnavyodhani, na litashuka zaidi miguu ikitanuka. Watoto wakae mbali upande wa mbele ambako rubani anawaona, kamwe si upande wa mkia, mpaka mapanga yote yasimame kabisa.