Kwanza niambie kazi yako iko barabara gani

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: "Umepata kazi Dar es Salaam, mshahara ni wa kawaida na mji huujui. Utapanga mtaa gani?" Najua wengi watajibu kwa kutaja jina, Sinza, Tabata, Mbagala, Kigamboni, kila mtu na kwao. Mimi sitaji jina lolote mpaka mgeni aniambie kazi yake iko wapi na anaingia saa ngapi.

Naishi Ukonga Mombasa (msishtuke, Mombasa yetu ni kituo cha daladala), na kwa kuwa nina sebule, kila mtoto wa ndugu anayepata kazi mjini hapa hufikia kwangu. Akishapumzika tunaanza kuzunguka kutafuta chumba. Kwa hiyo ninachosema nimekitembelea kwa miguu.

Watu wa Dar tumejipanga kwa kufuata barabara nne. Ya Bagamoyo inakwenda Mwenge, Tegeta mpaka Bunju. Ya Morogoro inapita Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibamba. Ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kuja huku kwetu, Gongo la Mboto na Pugu. Ya Kilwa inateremkia Mtoni, Mbagala na Kongowe. Kuna Mandela inayoziunganisha kwa kati, Ubungo, Buguruni, Tazara mpaka bandarini, na malori yote yanaijua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi utadhani wote wametoka kwa wakati mmoja. Kama kazi iko Barabara ya Nyerere, panga Barabara ya Nyerere. Anayelala Tegeta na kufanya kazi Kurasini anaishi kwenye gari, nyumbani anakwenda kubadilisha nguo tu.

Wageni wengi wanaangalia kodi peke yake. Hesabu yangu huwa naiandika kwenye karatasi mbele yao. Tuseme chumba cha pembezoni kabisa ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na cha karibu na kazi ni 80,000. Wa pembezoni anapanda bodaboda 1,000 kufika barabarani, halafu daladala mbili za 600 kila moja. Kwenda na kurudi ni 4,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Wa karibu anapanda gari moja tu, 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Jumlisha na kodi: wa "bei rahisi" anatumia 154,400, mwenzake 111,200. Na hapo sijahesabu chai anayokunywa njiani kwa sababu ametoka kwake saa kumi na nusu usiku. Bei za kwenu zinaweza kuwa nyingine, badilisha namba, lakini fanya hesabu yenyewe kabla hujatoa hela.

Sasa kuna jambo ambalo madalali hawalisemi: kwenye barabara ileile, mwanzo wa ruti ni bora kuliko katikati. Mimi nakaa katikati kwa sababu nyumba ni yetu, ningekuwa mpangaji nisingekaa. Daladala inajaa Gongo la Mboto, ikifika kwetu konda ananing'inia mlangoni na wewe unaambiwa "sogea nyuma, nyuma kweupe" wakati nyuma hakuna hata pa kuweka kisigino. Matokeo yake watu wanageuza nalo, wanalipa nauli ya kurudi hadi mwisho wa ruti ili wapate siti. Mwendokasi nao, yale mabasi yenye njia yao, ni hivyo hivyo. Tangu ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, watu walikimbilia kupanga kando ya Morogoro, na sikatai, ni barabara nzuri kwa anayefanya kazi katikati ya mji, Posta au Kariakoo. Lakini anayepandia Kimara Mwisho ana nafasi ya kupata kiti. Anayesubiri Shekilango asubuhi anaangalia mabasi yaliyojaa yakipita. Chumba cha Shekilango kina bei kubwa zaidi, halafu eti ndiyo "karibu na mjini".

Wenye bahati ni wale wanaokwenda kinyume na foleni. Kama umepata kazi kwenye viwanda vya Mkuranga, kaa Mbagala au Kongowe, asubuhi utatoka nje ya mji wakati wengine wanaingia. Wa viwanda vya Kibaha, Kibamba inawatosha. Watu wanaidharau mitaa hii kwa kuwa iko mbali na Posta, kana kwamba kila mtu ameajiriwa Posta.

Kigamboni? Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 pamekuwa karibu zaidi, na vyumba vipo. Kwa kazi za Kurasini au Temeke sina neno. Kwa kazi za Posta utategemea pantoni, na siku likipata hitilafu mtajazana pale feri na hakuna bosi atakayekuelewa kwa mara ya tatu.

Kodi hapa hulipi mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wengine mwaka, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Kwa chumba cha 80,000 hiyo ni 560,000 kabla hujanunua godoro, na mshahara wa kwanza bado. Ndiyo maana nawaambia watoto wangu wasikimbilie dalali siku ya kwanza. Nenda mtaa unaoutaka Jumamosi asubuhi, kunywa supu, ongea na mama ntilie, na Mangi wa dukani, na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Wao wanajua nani anahama mwisho wa mwezi. Ukimfikia mwenye nyumba mwenyewe, hasa mama mjane au mzee mstaafu, omba miezi mitatu kwa adabu na uonyeshe barua ya kazi. Wengi wanakubali. Dalali akikutembeza atakuanzishia na vyumba vibovu viwili ili cha tatu kionekane ikulu, na kila mguu anataka hela ya usumbufu.

Na usimpe hela mtu anayejiita mwenye nyumba kabla hamjafika ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna matapeli wanapangisha chumba kimoja kwa watu wanne. Mkataba uandikwe, mwenyekiti au mjumbe ashuhudie.

Mvua nayo. Anayekuja Dar mwezi wa nane anaona kila bonde ni zuri. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na Bonde la Msimbazi halina mzaha: mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya watu wahamishiwe Mabwepande, na mpaka leo mvua ikizidi Jangwani panafungwa na magari yanazunguka. Ukionyeshwa chumba cha bei ya kushangaza Kigogo au Tandale karibu na mto, tazama ukuta. Rangi imebadilika kuanzia magotini kwenda chini? Mlango una tuta la saruji la kurukia? Basi umeshajibiwa, hata dalali akiapa.

Wasichana wanaotoka kazini saa nne usiku naongeza sharti moja: chumba kisiwe zaidi ya dakika chache kutoka kituoni, njia ina taa na maduka yanayochelewa kufunga. Kwa hilo nakubali hata bei ipande. Vijana wa kiume wanacheka, mpaka wanyang'anywe simu.

Mengine ni ya ndani ya geti. Maji ni ya bomba la DAWASA au kisima, na kama ni kisima, yaonje, kwa sababu katika mitaa mingi yana chumvi na utanunua madumu kila siku ya kunywa na kupikia. LUKU, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia? Wapangaji sita kwenye mita moja, mmoja ana friji na anauza barafu, mwingine ana taa moja tu, na mchango ni sawa kwa wote: huo ugomvi utaukuta, hutauanzisha wewe. Choo kiko ndani au nje, kinatumiwa na watu wangapi, na zamu ya usafi nani anaipanga. Yaulize kwa mpangaji anayefua uani, mwenye nyumba akiwa ameenda kutafuta funguo.