Mtoto wa Chekechea Asiyeshika Maagizo

Swali: Mhariri, mwanangu wa miaka 4 anasoma chekechea hapa Tanga. Nikimwambia avue viatu, anawe mikono, kisha aje mezani, huvua viatu tu na kurudi kucheza. Je, huu ni ukaidi?

Jibu: Dada yetu, mara nyingi si ukaidi, kwa kuwa mtoto wa umri huo hupata taabu kukumbuka maagizo matatu yaliyotolewa kwa mkupuo, hasa yakitokea jikoni huku macho yake yakiwa kwenye mchezo. Mwendee, uiname hadi macho yenu yakutane, umwite kwa jina, kisha umpe agizo moja au mawili na kumtaka ayarudie kwa maneno yake. Badala ya "Usikimbie", mwambie "Tembea", maana katazo humwachia kazi ya kukisia afanye nini. Michezo ya kusimama na kukaa kwa amri, ambayo watoto huipenda na majirani huivumilia, humzoesha kusikiliza kabla ya kutenda. Hata hivyo, iwapo haitiki hata akiitwa kutoka nyuma mahali palipo kimya, au masikio yake yanatoa usaha, mpeleke kituo cha afya akapimwe usikivu kabla hujamlaumu.