Neno refu la Kiingereza lina mikato miwili

Wadogo zangu mnaoanza chuo cha afya, kuna kitu nilichelewa kukijua na kilinitesa semista nzima ya kwanza. Nilikuwa nakariri maneno marefu kama namba ya simu, cholecystectomy naimeza nzima nzima, kesho yake imeshatoka kichwani.

Kumbe dawa yake tulifundishwa kwenye Kiswahili sekondari. Mnakumbuka neno anapenda? Ukilikata kwa silabi unapata a-na-pe-nda, ukilikata kwa mofimu unapata a-na-pend-a, yani neno lilelile lina mkato wa mdomo na mkato wa maana na havilingani. Kiingereza nacho hivohivo. Kwa maana, chole ni nyongo, cyst ni mfuko, ectomy ni kukata na kutoa, basi ni upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo, huhitaji tena kukariri. Kwa mdomo ni cho-le-cys-tec-to-my, silabi sita, na hiyo cys inafungwa na s, usiichomekee irabu kama tulivyozoea. Anzeni na maana, mdomo utafuata.

Mkazo ndo ulinisumbua zaidi. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno (barabara ile ya kusema sawasawa ni moja ya chache zinazokataa), sasa tunaubeba huohuo mpaka kwenye Kiingereza. Kwenye itis una bahati, hepatitis unakaza TI kama kwetu tu. Ila ology na ectomy mkazo unarudi silabi ya tatu kutoka mwisho, ndo maana cardiac unakaza CAR pale mwanzoni lakini ikishakuwa cardiology unahamia kwenye O. Angalia mkia wa neno, ndo unaoamua.

Mwanzo wa neno nao, hapa nawaomba sana. Hypoglycemia sukari imeshuka, hyperglycemia imepanda, mgonjwa mmoja anahitaji glukosi na mwingine huenda insulini, na ukiongea harakaharaka wodini po na per zinasikika kitu kimoja. Mimi nikikabidhi zamu nalitamka neno taratibu halafu naongeza na kipimo chenyewe cha sukari, na mwenzangu akilimeza namuuliza tena hata kama atanuna.