Ukisoma riwaya za wadeni wa London, shika kalamu

Mara ya kwanza nilipofungua Little Dorrit, riwaya ya Dickens, sikufika hata robo. Kitabu kinene, majina tele, na mzee aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 20 kwa deni asiloweza hata kulieleza. Nikamwona mzembe. Baadaye zikaja siku nikawa nadaiwa dukani kwa Mangi, nazunguka uchochoro wa nyuma nisionekane, na shati nimelipiga pasi vilevile. Niliporudi kwa yule mzee, tulielewana.

Basi nawaambia wanaoanza: msiziruke hesabu. Andika kwenye kikaratasi kwamba pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12, kisha kichomeke kitabuni kama alama ya ukurasa. Jizoeze na mwandishi mwenyewe. Februari 1824 baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, kusini mwa mto Thames, kwa deni la mwoka mikate: pauni 40 na shilingi 10. Charles, mwenye miaka 12, alikuwa akibandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Piga hesabu. Deni la baba ni ujira wa mtoto wa wiki 135, tena asile.

Pia mtazame anayekopesha, maana huyo ndiye tunayemsahau. Katika riwaya ya Vanity Fair, mwandishi Thackeray anaonyesha jinsi ya kuishi vizuri bila kipato: Rawdon Crawley na mkewe Becky wana nyumba, gari la farasi na wageni, na vyote ni mkopo. Nyumba ni ya Raggles, aliyewahi kuwa mtumishi wa ukoo huohuo wa Crawley. Anawaamini kwa jina tu. Mwisho wake ni yeye kutupwa gereza la Fleet, na watoto wake barabarani. Waungwana wanakula, mtumishi anafungwa. Sura hizo zilinikasirisha kuliko kurasa zote za gerezani.

Kama huna subira ya kitabu kizima, nenda sura ya 6 ya Little Dorrit. Mzee Dorrit amejifanya mwenyeji wa Marshalsea. Anayetoka humwachia fedha kidogo, naye huipokea kama heshima anayostahili. Siku moja fundi wa kupiga plasta, aliyemaliza deni lake, anamwekea mkononi rundo dogo la nusu peni. Sarafu za shaba! Mzee anamfokea, kisha anabubujikwa machozi. Fundi anamgeuza taratibu aelekee ukutani, watu wasiuone uso wake, na kumwomba radhi. Fedha nyeupe ilikuwa zawadi. Shaba ikawa sadaka. Hapo ndipo tabaka linapoonekana kuliko kwenye jumba lolote la kifahari, na katika wawili hao muungwana ni fundi.

Angalia na miaka pia. Marshalsea lilifungwa 1842, na riwaya ikaanza kutoka 1855. Dickens alikuwa akiandika juu ya mahali palipokwisha kufungwa. Sheria iliyofuta sehemu kubwa ya kifungo cha deni Uingereza ilikuja 1869. Kipande cha ukuta bado kipo, karibu na kanisa la St George the Martyr.