Risasi 41 kwa mtu mwenye pochi

SWALI: Mhariri, juzi nimesoma habari za Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyeuawa na polisi mlangoni kwake Bronx, New York, Februari 4, 1999. Askari wanne, risasi 41, na alichoshika ni pochi. Wanasema waliogopa. Mtu huogopa mara 41?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hofu ilikuwapo, ila haikuanzia kwenye pochi. Askari hao, waliovaa kiraia, walidai Diallo anafanana na mbakaji aliyekuwa akisakwa. Jicho linalotarajia silaha huiona upesi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Keith Payne alichapisha majaribio yake: mtu anaoneshwa uso kufumba na kufumbua, kisha bastola au kifaa cha fundi. Waliobanwa wajibu ndani ya nusu sekunde walikiita kifaa bastola mara nyingi zaidi pale uso uliotangulia ulipokuwa wa mtu mweusi. Wasiobanwa hawakukosea sana.

Sasa hizo 41. Mmoja alipiga kelele kwamba jamaa ana bunduki. Mwenzake akarudi nyuma, akaanguka ngazini. Wengine wakadhani kapigwa. Hapo mlio wa bastola ya mwenzako unausikia kama wa adui. Wawili walimaliza risasi 16 kila mmoja, wa tatu 5, wa nne 4. Kidole kikishaanza kufyatua hakingoji uamuzi mpya. Kuacha ndiko kunakouhitaji, na ubongo wenye hofu huchelewa kung'amua kuwa hatari imekwisha. Zilizompata Diallo ni 19.

Mwaka 2000, mahakamani Albany, wote wanne waliachiwa huru. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1989, katika kesi ya Graham na Connor, kwamba askari apimwe kwa alivyoona papo hapo, si kwa yaliyojulikana baadaye. Kwetu sisi, kosa kubwa liko dakika moja nyuma: kumsogelea mtu usiku bila kinga hadi ikabaki sekunde ya kuamua. Askari afunzwe kusimama mbali, kujikinga nyuma ya gari au ukuta, kuita msaada, na azungumze mmoja tu. Wanne wakiamrisha pamoja, raia hajui amtii nani. Mazoezi ya shabaha pekee hayamwongezei muda wa kutambua pochi.

SWALI: Nikisimamishwa usiku, kitambulisho nikitoeje?

JIBU: Mikono ionekane. Sema: "Afande, kitambulisho kiko mfuko wa nyuma, nikitoe?" Subiri ajibu, ukitoe taratibu. Wengi hutamka hayo mkono ukiwa umeshazama mfukoni.