Embe lilimrudishia kasuku wangu ujana, parachichi likaniulia mwingine

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kasuku wangu ana miaka 12 na naona ameanza kuzeeka. Nimpe tunda gani aishi sana?" Usingizi ukanipaa. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe, na jibu nililopewa lilinipotezea mwaka mzima.

Shani ni kasuku wa kijivu, mkia mwekundu. Tulimrithi kwa babu pamoja na kibali chake na desturi za babu: alizeti asubuhi, alizeti jioni, njugu siku ya Ijumaa. Alipofika miaka 16 manyoya yakapauka, pua ikawa inaziba, akilala anakoroma. Daktari wa kwanza hakumshika hata. Alimchungulia kupitia waya za tundu, akasema ni uzee. Mpaka leo linaniuma, maana kasuku wa kijivu akitunzwa hufika miaka 40 na kuzidi. Wa miaka 16 ni kijana!

Wa pili alimfungua mdomo, akaona madoa meupe, akaniuliza anakula nini. Nilipomwambia, akasema, "Mama, huyu ana njaa na tumbo limejaa." Alizeti ina mafuta tele, lakini vitamini A karibu hamna. Ndege akiikosa, utando laini wa pua na koo hukakamaa, na maradhi hupata mlango. Embe na papai zina ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo.

Siku ya kwanza Shani alilitupa embe chini. Ya pili vilevile. Nikawa nakaa mbele ya tundu nalila mimi, taratibu, mpaka wiki ya tatu akanyoosha shingo kuomba. Baada ya embe likaja papai, mchicha, karoti, hata pilipili nyekundu, kwani kasuku hausikii ukali wake. Manyoya ya zamani yakapukutika, mapya yakatoka yanang'aa. Sasa ana miaka 23 na humwita muuza maji kabla sijaamka. Najivunia ndege huyu, sifichi.

Lakini kiburi nacho kiliniingia. Nikaona kila tunda ni dawa. Nilipompata wa pili, Zuhura, nikamkatia parachichi nililokuwa nakula. Kesho yake nilimkuta sakafuni mwa tundu. Parachichi lina sumu iitwayo pesini, inayoushambulia moyo wa ndege. Nilimzika chini ya mpera, na hakuna aliyenilaumu kuliko nilivyojilaumu.

Kwa hiyo mtu akinitumia habari kuwa nzi wadogo wa matunda waliopewa dondoo ya tufaha maabara waliongezewa maisha kwa wastani wa asilimia 10, nafurahi, ila nzi si kasuku. Nampenda zaidi kobe Jonathan wa kisiwa cha St Helena, anayekadiriwa kuanguliwa mwaka 1832. Alipopofuka alikuwa akila chochote anachokipapasa, mdomo ukawa butu. Daktari wake akaanza kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki, ndizi, tufaha, karoti na matango, na mdomo ukarudia ukali wake. Mara moja kwa wiki, jamani, tena juu ya majani yake ya kawaida. Na kule Uingereza, bustani ya wanyama ya Paignton iliwaondolea nyani ndizi mwaka 2014, kwani ndizi za shambani zina sukari nyingi kuliko matunda ya mwituni, wakawahofia kisukari na meno kuoza.

Tumezoea kuwapenda wanyama kwa kuwajazia. Acheni. Kwa kasuku, kipande kidogo, cha rangi, kila siku, mbegu za tufaha zitolewe, parachichi lisikaribie tundu kabisa.

Wewe uliyeniandikia, ndege wako hajazeeka. Kesho mtafute daktari atakayemfungua mdomo, asiyemtazama kupitia waya tu. Na ukirudi, kata papai, uanze kula wewe mbele yake.